Embe Moja, Tungo Nne

Mtoto wa dada yangu aliniandikia wiki mbili zilizopita: "Mama mdogo, shikamoo. Nataka kuanza kutunga vishairi vifupi kabisa, vya kuweka chini ya picha zangu. Nianze na haiku au na ya kwetu?" Nikamrekodia jibu la dakika sita. Alisikiliza lote, akashukuru, kisha akauliza tena swali lilelile. Kwa hiyo sikuwa nimejibu.

Kosa langu ni kwamba nilimmwagia kanuni: mizani ngapi, mishororo mingapi, vina vikae wapi. Hizo anazijua, kazisoma shule, na akisahau atazipata popote. Anachotaka kujua ni jambo lake litakuwaje likishaingizwa ndani ya umbo hili au lile. Hilo halielezeki kwa kanuni. Ukitaka kulinganisha vyungu, pika ndani yake mchele uleule.

Basi nikatafuta jambo moja, dogo. Nyumba yangu ni ya bati. Mwembe ni wa jirani. Shina liko upande wake, lakini tawi moja nene limevuka ukuta na kulala juu ya chumba changu. Usiku mmoja wa vuli, yapata saa nane, mbwa wa nyumba ya nyuma akiwa anabweka tangu watu walale, embe liliachia kikonyo likapiga bati. Aliyelala chini ya bati anaujua mlio huo. Basi, tukio ni hilo. Hakuna aliyeumia, hakuna lililovunjika. Nikalitunga mara nne: kwa haiku, kwa ubeti wa utendi, kwa shairi la tarbia la ubeti mmoja, na kwa jina la kanga.

Haiku

Haiku ni ya Wajapani: mistari mitatu, mizani 5, 7, 5, bila vina. Ilikuwa ubeti wa kufungulia mashairi marefu ambayo washairi waliyatunga kwa kupokezana. Mikononi mwa Matsuo Basho (1644–1694) ubeti huo ukapata uzito wa kusimama wenyewe, na jina haiku lilikuja baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 19, kwa Masaoka Shiki. Mbali na hesabu, una desturi mbili ambazo sisi tukiiga huziacha njiani: neno la majira, yaani neno linalomwambia msomaji tuko wakati gani wa mwaka, na mkato, mahali ambapo shairi linavunjika vipande viwili na kumwachia msomaji aviunge.

Rasimu yangu ya kwanza:

Kiza cha vuli —
embe lagonga bati,
nashtuka mno.

Hesabu iko sawa. Mstari wa tatu haufai. Ukisikia embe linagonga bati kizani umekwisha kushtuka. Mimi kukwambia nimeshtuka ni kukutafunia chakula. Nikaufuta, nikajiuliza nilisikia nini baada ya ule mlio. Nilisikia kwamba yule mbwa amenyamaza. Nikaandika "mbwa anyamaza," nikafurahi, nikahesabu: sita.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Neno mbwa lina mizani mbili, m-bwa. M yake inatamkwa peke yake, kama ya mtu na mti, au kama N ya nchi na nta. Lakini mbuzi ni mbu-zi, M imemezwa na herufi inayofuata. Jicho halitakusaidia, tamka kwa sauti, piga vidole mezani. Kinachonifurahisha ni kwamba Wajapani nao huhesabu namna hiyohiyo. N inayofunga silabi ina kipimo chake, na irabu ndefu huwa vipimo viwili, kwa hiyo Tokyo kwao ni nne, to-o-kyo-o, kama vile saa kwetu ilivyo sa-a. Mswahili aliyezoea mizani haingii kwenye haiku kama mgeni. Sikio lake limekwisha kufunzwa.

Nikarudi kazini. Siku tatu nilikuwa na mizani moja ya ziada, nimeibeba hadi sokoni. Mwishowe:

Kiza cha vuli —
embe lagonga bati;
mbwa yu kimya.

Tano, saba, tano. "Yu kimya" ni msemo wa kizee kidogo, lakini haujafa, na naona unaumiliki usiku ule kuliko "anyamaza." Kunyamaza ni kitendo. Yu kimya ni hali, unaikuta imekwishakuwapo.

Neno la majira ni vuli. Kwa hili hatuna haja ya kuazima. Mtu wa pwani ana kaskazi na kusi, ana masika, vuli na kipupwe, na kila neno lina harufu zake. Sema kaskazi, na aliyekulia huku tayari anaona joto na jahazi zinazoingia. Kwa hiyo sielewi kijana wa Pangani anayetunga haiku zenye theluji na maua ya mcheri.

Ubaya wa haiku uko pande mbili. Kwanza inadanganya kwamba ni rahisi. Tazama: "Leo mapema / nimekwenda sokoni, / nyanya na ndimu." Mizani yote ipo, hakuna hata moja iliyozidi, na si shairi. Ni orodha ya manunuzi iliyokatwa mara tatu. Hakuna kitu kinachogongana na kingine humo. Katika tungo zetu za jadi mtu akikosea utamsikia anachechemea. Katika haiku anaweza kukosea kila kitu na hesabu ikamficha. Pili, haiku haina sauti ya hadharani. Nimeshuhudia moja ikisomwa kwenye sherehe ya kuhitimu. Msomaji alipomaliza watu walikuwa bado wanamsubiri aanze.

Ubeti wa utendi

Mishororo minne, mizani nane kila mmoja. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja. Wa nne una kina chake, nacho hurudi mwisho wa kila ubeti hadi utendi uishe.

Ilikuwa saa nane,
kwa kiza tusionane,
embe likashuka nene,
batini likatulia.

Huu ulinichukua dakika ishirini, na nne kati ya hizo nilikuwa nageuza chapati. Kiswahili kinaupenda mwendo wa nane. Mtu akizungumza kwa utulivu utaona sentensi zake zinaukaribia bila yeye kujua. Lakini isome tena uone ilivyolifanya embe langu. Kwenye haiku mlio ule ulikuwa mwisho wa jambo. Hapa ni mwanzo. "Likatulia," halafu? Ubeti wa utendi unasimama na mguu mmoja mbele. Ndiyo maana wakongwe hawakuutumia kwa jambo la kupita. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye wosia mwaka 1858 alikwenda beti mia na ushei, kina cha -a kikirudi kama mtu anayepigapiga mkono wa mtoto asilale kabla maneno hayajaisha.

Nami nikajikuta naandika wa pili:

Watoto wakaamka,
kila mmoja kataka,
mbio nje wakatoka,
embe kulitafutia.

Hapo nimekudanganya mara mbili. Watoto hawakuamka, wamezaliwa na kina. Na "kulitafutia" si neno nililolitaka, nililitaka "kulitafuta," ila mizani ilipungua moja na kiambishi cha kutendea kiko tayari siku zote kukuokoa. Ndio mtego wa utendi: kupikia, kwendea, kukimbilia, kusemea. Karibu kila kitenzi chetu kinaweza kurefushwa kikaishia -ia au -ea, na mtunzi mvivu anaweza kwenda beti mia tano bila kutafuta neno hata moja. Ukiona katika ubeti wako kitenzi kimeongezewa -ia au -ea na hakuna anayefanyiwa jambo hilo, kitoe, hata kama itabidi uvunje ubeti wote.

Nikiulizwa, hili ndilo umbo la kumwanzishia mtu, kwa sababu mkono unazoea mizani haraka. Lakini kwa kitu cha kusimama peke yake si chaguo langu. Afadhali uwe na mfuatano: picha kumi za safari moja, kila picha na ubeti wake, zote zimefungwa na kina kilekile. Hapo litapendeza.

Tarbia ya ubeti mmoja

Hili ndilo ambalo watu wengi wakisema shairi humaanisha: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, umekatwa katikati nane kwa nane, ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Jumla mizani 64, maradufu ya ubeti wa utendi, na karibu mara nne ya haiku. Kwa wale wanaopenda vipimo vya simu, ubeti mmoja unaweza kupita herufi 160 za ujumbe mmoja wa kawaida. Huu wangu umepita.

Mwembe ni wako jirani, tawi laingia kwangu,
Embe lashuka batini, lazivunja ndoto zangu,
Nikilichukua ndani, wasema si haki yangu,
Niambie kwa yakini, embe ni lako, ni langu?

Umeona kilichotokea? Mbwa kaondoka, watoto wameondoka, kiza kimeondoka. Amekuja mtu mwingine ambaye hakuwapo kabisa kwenye zile mbili: jirani. Na yumo mbele yangu, namwambia wewe. Sikupanga. Ukwapi na utao ni kama watu wawili wameketi kwenye baraza, mmoja anasema na mwingine anamjibu, na ukishaanza kujaza viti hivyo hoja inajileta. Mwembe wako, tawi kwangu. Usiku mtulivu haukai vizuri ndani ya shairi; utagundua unaishiwa na maneno kwenye mshororo wa pili na kuanza kuongeza "kwa kweli" na "hakika" ili nane ifike. Lakini madai, swali, mawaidha, kumbukumbu ya deni, kuomba radhi, kutongoza: haya yametengenezewa 16.

Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alilijua hilo. Nyingi katika tungo zake ni fupi na zina mtu zinayemlenga: mtawala, rafiki, mshairi wa upande wa pili wakati Mombasa na Lamu zikizozana. Shairi lilikwenda na jibu likaja. Sioni umbo jingine kati ya haya manne ambalo linadai jibu kiasi hicho. Lina hata kituo, mshororo wa mwisho, ambao mwenzako anaweza kuuchukua na kuugeuza.

Adhabu ya kukosea nayo ni kali. Mshairi Sheikh Amri Abedi alipoziandika kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954 hakuwa akizibuni. Alikuwa akiandika kile ambacho masikio ya watu yalikwisha kukikubali. Mizani ikipungua moja, au kina cha kati kikiteleza, tungo linaitwa guni, na wazee hawatakuonea haya. Faida yake ni kwamba unajua mapema. Haiku mbovu inaweza kuishi miaka. Guni linakufa siku ileile, tena hadharani.

Nikuonyeshe tulivyopigana katika mshororo wa tatu. Niliuanza hivi: "Nikiliokota uani." Mizani tisa. Nikaubadili ukawa "Nikilichukua ndani," nane, kina cha -ni kimebaki. Lakini soma tena. Kuokota uani ni jambo la mtu asiye na hatia, embe limeanguka, kaliinua. Kuchukua ndani ni jambo la mtu anayefunga mlango. Kwa ajili ya mizani moja nimejikuta nimeungama: ni kweli, asubuhi ile nililiingiza ndani kabla jirani hajaamka. Mimi huwaambia wanaolalamika kwamba kanuni zinabana ukweli, kwamba wakati mwingine zinaubana mpaka unatoka.

Na kabla hujaniwahi: vina vyangu vya mwisho ni vya kivivu. Kwangu, zangu, yangu, langu, vyote vya umiliki, malenga makini angetema mate pembeni. Siku nyingine ningevibadili. Hapa nimeviacha kwa kuwa kesi yenyewe ni ya umiliki, na masikio yakichoshwa na "angu, angu," jirani atakuwa ameelewa ninavyojisikia.

Kama 64 zinakutisha, kuna tathlitha, mishororo mitatu kwa kanuni zilezile, na tathnia, miwili. Sina mengi ya kusema juu ya hizo. Tathnia hasa naiona kama kiti cha miguu miwili: inasimama ukiishika.

Jina la kanga

EMBE LIMEJILETA MWEMBE BAKI NAO

Wengine watasema hili si shairi. Mizani hazihesabiwi, kina hakilazimishwi. Lakini lina mipaka, na ni mikali kuliko ya haiku. Liwe mstari mmoja, unaotosha kukaa katikati kwa chini, ndani ya pindo, juu ya kitambaa cha kama mita moja na nusu. Herufi kubwa. Alama za uandishi ni chache au hakuna kabisa, kwa hiyo pumzi lazima ijulikane kwa maneno yenyewe. Lisimtaje mtu. Na sharti kubwa kuliko yote, ambalo halijaandikwa popote nilipopaona: mvaaji aweze kulikana. Akiulizwa "unanisema mimi?" awe na uwezo wa kujibu kwa uso mkavu, "Nimependa rangi tu, shoga."

Embe langu la kawaida limegeuka nini hapo? Mume wa mtu. Sikuwa na nia hiyo, wala jirani yangu hastahili, lakini jina la kanga halijui kubaki na maana moja. Kila kitu ukikiweka pale chini kinapata mwenzake. Haiku yangu ilitaka embe liwe embe hadi mwisho. Kanga haikukubali hata kwa sekunde.

Mizani zake, nikizihesabu kwa udadisi, ni 13. Ni tungo fupi kuliko zote hapa, na ni la pekee ambalo lilinijia zima, nikiosha vyombo, na sikulibadili hata neno. Siwezi kukufundisha hilo. Ninaloweza kusema ni kwamba wanaoyatunga vizuri ni wasikilizaji wa kibarazani na sokoni, si wasomaji. Huko Mombasa, ambako watu husema leso, jina linalotajwa kila inapoulizwa nani alianza kuchapa maneno kwenye nguo hizi ni la mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwanza yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, za Kilatini zikafuata. Lakini mfanyabiashara hakuhitaji kubuni vijembe. Alivikuta vinatembea.

Hatari yake naijua vizuri. Mwaka mmoja nilimpelekea wifi yangu doti ya zambarau, rangi aipendayo, bila kusoma jina. Dukani walikuwa wameikunja maandishi yakaangalia ndani. Silirudii neno lililokuwa pale. Miezi mitatu hakukanyaga kwangu, na hadi leo nikimwambia sikusoma ananiitikia tu, "Sawa, wifi."

Basi, mwanangu, chagua

Umesema ni kwa ajili ya picha. Nimezitazama picha zako: mashua alfajiri, mikono ya wauza samaki, yule paka wa msikitini. Nyingi zinataka haiku, lakini kwa sharti moja. Usiandike kilichomo kwenye picha. Mashua tunaiona, alfajiri tunaiona. Tuandikie kisichopigika picha: harufu, mlio, kitu kilichokuwa hapo dakika moja kabla. Mkato wa haiku unaweza kukaa baina ya picha na maneno badala ya baina ya mistari, na hilo Mjapani mwenyewe alilitumia zamani, akichora na kuandika kwenye karatasi moja. Ukishindwa kupata kisichoonekana, iache picha bila maneno. Haitalia.

Zile za watu, za arusi hasa, zipe tarbia. Watu watataka kuisoma kwa sauti, wengine wataiimba, na haiku haiimbiki. Msiba vilevile usiupe haiku, na usithubutu kuupa mstari wa kanga, maana kila mstari mfupi wenye mafumbo msibani utatafutiwa anayesemwa. Beti mbili tatu za utendi zinatosha, kwa mwendo wake wa taratibu, na hapo kile kina cha -a kinachorudi kinakuwa faraja badala ya uvivu.

Ukidaiwa au ukidai, tarbia. Ukiwa na hasira, ngoja kwanza. Hasira hukimbilia kanga, na mstari wa kanga ukishauweka chini ya picha yako watu hamsini watajiona humo, arobaini na tisa kati yao hukuwafikiria. Kuna pia tanka, ndugu mkubwa wa haiku, 5-7-5-7-7, ambayo inafika mizani 31, moja tu pungufu ya ubeti wa utendi. Nilitarajia ukaribu huo utazaa kitu. Haukuzaa, nilipomaliza mistari mitatu ile miwili ya mwisho ilikuwa inaeleza tu ile ya kwanza. Labda wewe utaiweza.

Kuhusu muda, usipange kwa urefu. Mizani 17 zilinila siku tatu, 64 zilikwisha jioni moja, 32 kabla chapati hazijaungua. Tena zile 17 hakuna atakayejua zilivyonitesa, kwa hiyo kama unatunga ili watu waone umetoka jasho, haiku si yako.

Jambo la mwisho ulilouliza, kama inabidi uanze na "ya kwetu" kwanza. Ningekushauri hivyo, ila si kwa sababu ya uzalendo. Anza na utendi wiki mbili ili vidole vizoee kuhesabu m-bwa na n-chi bila kufikiri, kisha nenda popote.

Zile tungo nne nilizipeleka. Haiku niliituma kwa rafiki yangu mmoja, akanijibu kwa kidole gumba. Beti za utendi niliwasomea wajukuu, wakauliza nani alilipata embe. La kanga nimelificha. Tarbia nilimtumia jirani mwenyewe, mwalimu mstaafu, asubuhi moja baada ya kumwamkia. Hakujibu. Nikaanza kuogopa kwamba nimemuudhi, tawi litakatwa, na kwamba mwakani hakutakuwa na embe la kuibiana. Ilipotimia adhuhuri simu ikalia. Mshororo mmoja tu, nane kwa nane, vina vyangu vyote viwili kavichukua:

Embe chukua jirani, kokwa irudishe kwangu.